Kamera Inayovuta

Debe la Klara lilikuwa limerudishwa nyuma. Aliliacha la tano kwenye foleni ya bomba, akaenda kivulini kuifunga kanga yake vizuri, na aliporudi akalikuta la tisa, limetengwa na mengine kama lina upele. Akawatazama wanawake waliokuwa mbele yake. Wote walikuwa wameukazia macho mdomo wa bomba, na bomba lenyewe lilikuwa likitoa maji ya uzi mwembamba, hakuna cha kutazama.

"Debe langu lilikuwa la tano," Klara akasema.

"Labda upepo," mmoja akajibu, hakugeuka.

Ni kweli Dodoma ina upepo, na Agosti ile ya mwaka hamsini na saba ulikuwa ukiondoka hata na vifuniko vya sufuria. Lakini upepo gani huo unaochagua debe moja, ukalivusha mengine manne, ukalikalisha wima? Klara alijua si upepo, na wao walijua kwamba anajua. Mama Kefa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye juzi tu alikuja kwake kuomba chumvi, akavuta kanga akamfunika mtoto wake mgongoni mpaka utosini. Na jua lilikuwa bado la asubuhi, halijaanza kumuudhi mtu.

"Mama Kefa, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona unamficha mtoto?"

Mama Kefa akaona heri aseme. "Klara, maneno si ulisema mwenyewe Jumamosi, hapa hapa tulipo? Ulisema mume wako amepata kamera inayovuta watu. Mtu anapita zake uchochoroni, hana habari, yeye amesimama kwenye kibaraza cha ng'ambo anamvuta. Ulisema, hukusema?"

Alisema. Tena alisema kwa maringo, debe likiwa la kwanza kwenye foleni, wote wakimsikiliza. Mume wake Apolinari, ambaye miaka mitatu alikuwa akifagia na kuosha sinia za dawa katika studio ya Fakhruddin kule Uhindini, sasa anapiga picha mwenyewe mitaani. Kamera yake ndogo inaingia mfukoni, na namba yake hamsini. Namba hamsini inavuta. Neno hilo alilitoa kwa mumewe, na mumewe alilitoa dukani, na kule dukani lilikuwa neno la kazi tu.

"Kuvuta kwa picha," Klara akasema. "Unaonekana karibu kuliko ulipo. Ndiyo maana yake."

"Picha hupigwa," akadakia Antonia, mke wa fundi seremala. "Miaka yote zinapigwa. Hatujasikia picha ya kuvuta. Wanaovuta watu tunawajua, na tunajua wanachovuta."

Hakulitaja jina lao, maana bomba ni mahali pa watoto pia. Lakini mwaka ule habari za mumiani zilikuwa zimeshika mji mzima, wale watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao ili zikatengenezwe dawa ya wakubwa. Wengine walisema gari lao ni jekundu, wengine wakasema halina taa. Hakuna aliyekuwa amemwona mumiani, na hakuna aliyekuwa na shaka juu yake.

"Na jioni mnaongea vile vidoko vyenu," Antonia akamalizia, "ili sisi tusisikie."

Klara akachota wa mwisho. Kufika zamu yake maji yalikuwa rangi ya chai, akapata nusu debe.

*

Apolinari alikuwa ameketi kitandani, kamera mbili zimelala mbele yake juu ya shuka. Ukizitazama haraka ungesema pacha. Kilichozitofautisha ni namba ndogo nyeupe kuzunguka kioo: moja hamsini, nyingine thelathini na tano. Vioo vyenyewe havibadilishwi. Ukishachagua namba umechagua, utaishi nayo kama mtu na pua yake. Fakhruddin alikuwa ameziagiza zote mbili, akampa Apolinari wiki moja ya kuzijaribu. Ijumaa saa tisa ile asiyoitaka ingerudi Dar es Salaam na treni. Ile atakayobaki nayo imeshalipiwa kwa mbuzi watano wa Klara, aliopewa na baba yake kule kwao Usandaweni, na Klara bado aliwaota kwa rangi zao.

"Wamenirudisha nyuma bombani," akasema, akitua debe. Walikuwa wakiongea Kisandawe, kwa sauti ndogo, na leo kila kidoko, ule mlio wa ulimi wa lugha yao, kilimlia Klara mdomoni kama mtu anayevunja kijiti mbele ya mlinzi. Akahamia Kiswahili. "Wanasema kamera yako ni ya mumiani. Kwamba inavuta."

Apolinari alicheka, kisha akaacha. "Nani kasema inavuta?"

"Watu."

"Watu gani? Hilo ni neno la dukani. Mimi nimelisema humu ndani tu."

Klara akajishughulisha na kifuniko cha mtungi. Hapo ndipo angesema, na ingekwisha. Lakini mume alikuwa ameshautazama ukuta, upande wa kwa Mama Kefa, na Klara akamwachia autazame.

"Kumbe anasikiliza," Apolinari akasema. "Mwanamke yule kumbe anaweka sikio ukutani."

"Chagua hiyo nyingine," Klara akasema upesi. "Hiyo haivuti, sivyo?"

Apolinari akamweleza kwa subira, maana jambo lenyewe alilipenda. Kwa hamsini anampata mtu mzima, kichwa hadi kiatu, akiwa hatua sita. Kwa thelathini na tano, ili mtu yule yule atoke kwa ukubwa ule ule, lazima awe hatua nne. Tofauti ni hatua mbili. Lakini hatua mbili ndiyo kazi yote. Kwa hatua sita mtu hajakugundua, anatembea kwa mwendo wake, uso wake ni wake. Kwa hatua nne ameshakuona, lazima umwamkie, naye ameshashika shati lake na kuliweka sawa, au ameshakutukana. Tena ile ya thelathini na tano inameza kila kitu, kibaraza, mbwa, pipa la taka, na mtu aliyetoa fedha yake anataka sura yake, hataki mbwa.

"Wanaonunua wananunua sura," akasema. "Kwa hamsini Fakhruddin anaikuza sura peke yake na inatoka safi. Tutakula kwa hamsini, Klara."

"Na hao unaowapiga hawajui, ni akina nani?"

"Wapita njia."

"Wanawake?"

"Wanawake nao hupita njia."

Hakumpenda kwa jibu lile. Alilala nalo.

*

Kesho yake, Jumatano, alijitanda kanga akaenda Uhindini mwenyewe. Moyoni alikuwa na hakika kwamba Fakhruddin ndiye chanzo. Mfanyabiashara gani mwenye akili anampa mfagiaji wake kamera mbili wiki nzima bila kuwa na jambo?

Fakhruddin alikuwa mzee wa Kibohora mwenye kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu, na vidole vilivyokuwa vimegeuka kahawia kwa dawa za picha. Alimwitikia salamu, akamsikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata pale palipostahili.

"Mama, huo ni msemo wetu," akasema. "Kioo hakina mkono, kitavuta nini? Mimi miguu yangu imekwisha, siwezi kusimama juani. Mume wako ana miguu. Yeye anapiga, mimi nasafisha na kuuza, kila mtu anapata riziki yake. Hakuna siri."

Akafungua kabati, akatoa kamera yake ya zamani, nayo ilikuwa namba hamsini. "Angalia mwenyewe. Hapa, jicho moja."

Klara akachungulia. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye kibaraza, Fatmabai mke wa Fakhruddin alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Katika kile kitundu mambo mengine yote ya mtaa yalikatwa, akabaki yeye peke yake ndani ya mistari minne. Klara akaona vidole vyake vikirusha chuya. Akaona amekunja kipaji, kisha anatabasamu peke yake kwa jambo analolijua mwenyewe. Fatmabai hakuwa na habari kabisa. Klara akaitoa kamera jichoni, na mwanamke yule akarudi mbali, mahali pake. Akairudisha, akaja tena.

"Umeona?" Fakhruddin akasema. "Hakuna kitu."

Lakini Klara alikuwa ameona kitu. Aliona jinsi ilivyo tamu kumtazama mtu asiyejua, na akajiuliza mume wake amekuwa akiuonja utamu huo kwa nani. Aliona pia, na hili halikumpendeza kulifikiri, kwamba mwanamke yule alikuja. Hakutembea, lakini alikuja. Njia nzima ya kurudi kwao Majengo alijiambia ni kioo tu, na alipofika alikuwa amejiambia mara nyingi kupita kiasi.

*

Alhamisi asubuhi Bartolomayo, mchukuzi wa mizigo wa stesheni, alipita uchochoro wa soko na gunia la karanga begani. Apolinari alikuwa kibarazani upande wa pili. Akampiga picha moja, akavuka, akampa kikaratasi cha kwenda kuitazama picha kwa Fakhruddin, kama ilivyo kawaida ya kazi. Bartolomayo alikipokea akakitia mfukoni. Kabla ya saa sita akaanguka mbele ya duka la chumvi, gunia likapasuka, na watu waliomwinua wakakikuta kikaratasi.

Hospitali ilisema baadaye ni malaria, na kwamba mtu huyo alikuwa hajala tangu jana yake. Lakini hospitali husema polepole, na soko husema haraka. Saa nane watu walikuwa wamejaa uani kwa Mzee Mustapha, mwenye nyumba. Hawakuja na silaha. Baadhi walikuwa na majembe, lakini hao walisema wanatoka shamba, ingawa Agosti hakuna mtu analima Dodoma.

Klara alisimama mlangoni mwa chumba chao. Alihesabu hatua za kutoka pale hadi lango la ua, akaona hazitoshi kukimbia. Wangeweza kufukuzwa leo hii, na huko ndiko kungekuwa kusamehewa.

Mzee Mustapha, aliyestaafu reli akajenga nyumba ile chumba kwa chumba, alikuja na bakora yake akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Shikamoo, mzee," Apolinari akasema.

"Marahaba. Apolinari, wewe mpangaji wangu, sina ubaya na wewe. Lakini siwezi kuweka nyumbani kwangu kitu ambacho watu hawakielewi. Wanasema kitu chako kinavuta."

"Mzee, hiki ni kioo."

"Kama ni kioo," Mama Kefa akasema kutoka nyuma, akiogopa kweli, "amvute mkewe. Hapa, mbele yetu. Mbona sisi anatuvuta bure?"

Watu wakaguna kukubali. Mzee Mustapha akafikiri, akaona ni haki. Katika mashauri aliyowahi kuamua pale uani, mengi yalikuwa na akili kidogo kuliko hili.

"Mama, njoo usimame hapa," akamwambia Klara.

Akaenda akasimama kwenye ukuta, chini ya kamba ya nguo. Apolinari akachukua ile ya hamsini. Hata sasa angeweza kuchukua nyingine, lakini wangesema amebadili. Akarudi nyuma, moja, mbili, mpaka sita, watu wakimpisha kama anayebeba maji ya moto. Mtu mmoja alizihesabu hatua zile kwa sauti.

Hapo Klara aliogopa. Si kwamba aliogopa watu, ingawa hao pia walitisha. Alimwogopa mume wake. Miaka minne amelala naye, anajua kovu la goti lake na jinsi anavyoimba kanisani nje ya sauti, na bado alipomwona ameifunika nusu ya uso kwa kile kidude cheusi, amebaki jicho moja tena limefumbwa, alijiuliza kwa dhati kabisa: na kama ni kweli? Alimkumbuka Fatmabai alivyokuja bila kutembea. Akashika ukuta kwa nyuma kwa vidole vyote kumi.

Ikalia, mlio mdogo kuliko kidoko.

Watu wakamtazama. Klara akabaki amesimama. Mzee Mustapha akamwagiza anyooshe mikono, aseme jina lake, atembee hadi langoni na kurudi. Akafanya yote, mbele ya wanawake wa bomba, kama mbuzi anayekaguliwa mnadani, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Mzima," Mzee Mustapha akasema.

"Kwa mkewe lazima angeizima dawa," Antonia akanong'ona, lakini kwa unyonge, na wenye majembe walikuwa wameshaanza kukumbuka shamba.

"Kaeni," Mzee Mustapha akawaambia wapangaji wake wawili. "Ila hicho kidude kesho kisilale hapa."

*

Ijumaa Apolinari alirudi saa kumi, treni ikiwa imeshaondoka. Akaweka mezani kamera moja. Klara akainama kuisoma namba, akasoma thelathini na tano, akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema. "Mzee Mustapha atafurahi."

"Mzee Mustapha hakukataa kamera. Alisema isilale hapa. Fakhruddin alisema ningeweza kuilaza dukani." Apolinari akavua viatu, akavigonga vumbi nje ya mlango, akarudi. "Ningeweza kubaki na ile ya hamsini."

"Sasa kwa nini umeirudisha? Si ulisema tutakula kwa hamsini?"

Akatoa bahasha mfukoni. Ndani mlikuwa na picha moja. Alikuwa ameikuza mwenyewe, ameacha ukuta, kamba ya nguo na watu, akabakiza uso peke yake, na ulitoka safi kama alivyosema ungetoka. Klara alimtazama mwanamke yule kwa muda kabla ya kukubali ni yeye. Macho yamemtoka, mdomo umeachia kidogo. Hakuna asiyeijua sura ile, ni ya mtu anayemwona mwovu kwa karibu.

"Nilikuwa nawaogopa wale," akasema.

"Walikuwa nyuma yangu, pembeni. Hukuwa unatazama huko."

Klara akaigeuza picha, akautazama mgongo wake mweupe.

"Miaka mitatu picha za watu zinapita mbele yangu dukani," Apolinari akasema. "Sura ya mtu anayeogopa majembe naijua. Wewe ulikuwa unanitazama mimi." Akaongeza, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Klara: "Na Mama Kefa kaniambia neno lile lilitoka kwa nani. Nimemwomba radhi, nilikuwa nimeacha kumwamkia."

"Apolinari, nilisema kwa kujivuna. Nilikuwa najivunia wewe."

"Najua."

"Basi kama unajua, kwa nini umechagua hii isiyouza?"

Apolinari akaipokea picha, akaitazama mara moja tu, akamrudishia. "Kwa sababu ile kweli inavuta, Klara," akasema. "Chukua, hiyo ni yako."

*

Jumamosi alikwenda bombani na debe, na picha ameibana kifuani ndani ya kanga. Hakukusudia kuitoa. Lakini wanawake walikuwa wakimsubiri, na kabla hajatua debe Antonia akauliza kama ile picha ilitoka, au ilitoka tupu, maana wamesikia picha za namna ile hutoka tupu.

"Imetoka," Klara akasema.

"Tuione basi."

Akaitoa. Ikapita mkono kwa mkono, mikono iliyolowa, kila mmoja akiishika kwenye pembe. Hakuna aliyecheka. Mama Kefa aliishika muda mrefu kuliko wote. Akamtazama Klara, akaitazama picha, na Klara akaona uso wa jirani yake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Kumbe na wewe," Mama Kefa akasema.

"Na mimi nini?"

"Kumbe na wewe ulimwogopa."

Klara angeweza kukataa. Maneno alikuwa nayo: jua, majembe, kelele. Alitazama debe lake, lilikuwa la mwisho. Alikumbuka nusu debe la rangi ya chai.

"Niliogopa," akasema.

Mama Kefa akamrudishia picha, akamshika bega. Kisha akainama, akalichukua debe la Klara, akalipitisha mbele ya mengine yote hadi chini ya bomba, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeuliza. Mtoto mgongoni hakuwa amefunikwa kichwa. Maji yalikuwa meupe.

Debe lilipofika nusu, Klara akainua macho akamwona Apolinari. Alikuwa ng'ambo ya uchochoro na kamera yake mpya, akielekea kazini. Klara hakujua alikuwa amesimama pale kwa muda gani, wala alisikia nini. Wanawake nao walimwona, na leo hawakugeuka, mmoja alirekebisha kilemba chake. Apolinari akainua kamera.

Klara akazipima kwa macho hatua kati yao. Zilikuwa sita. Kwa namba ile alijua watatoka wadogo wote, yeye na wale wanawake na madebe, hakuna sura itakayosomeka, labda asogee hatua mbili. Akajipanga uso. Akaukunjua, akautafutia tabasamu la mke, akamsubiri asogee.

Apolinari alipiga pale pale alipokuwa, akaitia kamera mfukoni, akaenda zake kazini.